Kadi ya Picha Kwenye Mashine ya Kuandikia Barua

Duka langu liko Kibiti mjini, hatua chache kutoka barabara kuu. Ni chumba kimoja chenye paa la bati na dirisha moja. Watu huja kutoa kopi, kuchapa barua za maombi ya kazi, kupiga picha za pasipoti. Kompyuta nilikuwa nayo moja tu, ile nyembamba ya ofisini inayolala juu ya meza, na skrini yake imekaa pembeni. Niliinunua imeshatumika, na kwa kazi zangu ilinitosha. Sikuwahi kuilaumu mpaka siku mama mkubwa alipokuja kutoka Mbuchi na simu mbili zimefungwa kwenye pindo la kanga.

Mama mkubwa ndiye aliyenilea baada ya mama yangu kufariki. Binti yake, mdogo wangu, alikuwa ameolewa wiki ile ile. Harusi ilikuwa na mpiga picha wa kukodi kutoka hapa hapa mjini, mwanaume mwenye kamera kubwa na taa zake. Alipiga ndoa ikifungwa, alipiga bwana harusi na kanzu yake, alipiga pilau na watu wakila. Lakini siku moja kabla ya hapo wanawake walikuwa na ngoma yao uani kwa mama mkubwa. Ua ulizungushiwa makuti, mwanaume hakuruhusiwa hata kupita karibu. Huko ndani baibui zilivuliwa, kanga zikakazwa viunoni, wakacheza tangu adhuhuri mpaka jua linazama. Mashoga wa bibi harusi walipiga picha za video kwa simu.

"Mdogo wako anakwenda Kigoma kwa mumewe," mama mkubwa aliniambia, akizifungua zile simu taratibu. "Kule hatujui sisi, hatujui mtu. Anataka aende nasi. Zikusanye hizi picha, uzikate, uzipange, ziwe kitu kimoja cha kutazamika."

"Sawa, mama."

"Hujanisikia bado. Picha hizi asiziguse mwanaume. Si fundi, si kaka yako, si nani. Wenzangu walikubali kupigwa kwa sababu niliwaambia kazi utaifanya wewe."

Nilimwambia asiwe na wasiwasi. Kukata video nilikuwa nimejifundisha mwenyewe kwa kutazama watu mtandaoni, na nilishawahi kutengeneza ya mahafali ya chekechea, walimu wakafurahi. Nikazihamisha picha zote kwenye diski ya pembeni niliyoichomeka kwenye mashine, nikafungua programu, nikabonyeza ianze.

Ikaganda. Mwanamke wa kwanza aliyeingia uwanjani alibaki na mkono juu, na mguu mmoja hewani, huku sauti ya ngoma ikiendelea bila yeye. Nikangoja. Aliporuka tena alikuwa ameshafika upande wa pili wa ua, sura imekatika vipande vipande. Nilizima, nikawasha, nikafunga kila kitu kingine kilichokuwa wazi. Bado. Video ya mahafali ilikuwa imepigwa kwa simu ya zamani na ilipita bila shida. Hizi zilitoka kwenye simu mpya, zinazopiga picha safi sana, na mashine yangu ilizimeza kama mtu anayelazimishwa kula.

Ninaishi kwa kaka yangu, mimi na wifi na watoto wao. Jioni ile nikamweleza. Kaka hana ubaya, lakini kila tatizo langu yeye huwa na rafiki wa kulitatua.

"Mpelekee jamaa yangu Mbagala," alisema. "Ana studio. Siku mbili tu anakurudishia."

"Ni mwanaume."

"Ni mtu wa kazi. Haangalii hata."

"Atakataje kitu asichokiangalia?"

Akacheka, kisha akakasirika kidogo kwa kuwa wifi naye alicheka. Akasema basi ninunue kompyuta mpya, na kama sina uwezo nimwambie mama mkubwa ukweli, nimrudishie simu zake. Nilimwambia kompyuta mpya siwezi na simu sirudishi.

Kesho yake nilimwita fundi wa kompyuta, ambaye ana kibanda chake jirani na duka langu. Ni fundi mzuri, watu wanamfuata mpaka kutoka Ikwiriri. Lakini kabla hajafika niliichomoa ile diski yenye picha, nikaiweka kwenye mkoba. Alifungua kifuniko, akaangalia ndani, akanieleza vizuri tu. Mashine yangu haikuwa na kadi ya picha ya kwake. Kazi ya kuonyesha picha ilikuwa inabebwa na ubongo ule ule unaofanya mambo mengine yote, nao ni wa zamani, haujui namna simu za siku hizi zinavyobana video. Nikiweka kadi ya picha, kadi ndiyo itakayofanya kazi hiyo.

"Basi tuweke," nikasema.

"Haiwekeki. Sanduku lako jembamba, kadi ni pana. Halafu umeme wa humu ni mdogo. Na joto la humu dukani utalipeleka wapi? Niachie mashine na diski, nitakuhamishia kila kitu kwenye kompyuta yangu kubwa, ukatie huko kwangu."

"Diski haitoki."

"Huniamini?"

"Nakuamini. Nimeahidi watu."

Alikirudisha kifuniko kwa kishindo. "Basi kaa nayo," akasema, akaondoka. Nikabaki nimekaa mbele ya ile mashine nyembamba. Nilikuwa na hasira, na nilijua kabisa kwamba hasira yangu si juu yake. Ilikuwa juu ya namna kila mlango niliogonga ulivyokuwa na mwanaume ndani, na kila mmoja ananiambia jambo lile lile kwa upole: lete huku, wewe hutaweza.

Kwa siku kadhaa nilisoma kwenye simu kila nilipopata nafasi, mteja akiondoka tu narudi kusoma. Nikagundua kwamba kuna kadi fupi, zilizotengenezwa makusudi kwa masanduku membamba kama langu, na nyingine kati ya hizo hazihitaji waya wa umeme wa pembeni. Zinakula ule ule unaopita kwenye tundu zinapochomekwa. Nilifungua mashine mwenyewe. Nikapima nafasi kwa rula ya shule. Kisha nikachukua boksi la karatasi za kopi, nikakata kipande chenye ukubwa wa kadi ninayoitaka, nikakijaribu ndani, nikakipunguza, nikakijaribu tena mpaka kikakaa bila kugusa kitu. Nilikuwa na akiba ya kununua mashine ya kuwekea vyeti plastiki, maana ya kwanza ilikufa. Nikaamua vyeti vitangoja.

Nilikwenda Dar na kile kipande cha boksi kwenye mkoba. Kariakoo nilizunguka maduka kadhaa kabla ya kufika kwa kijana mmoja mwenye duka refu jembamba, vifaa vimepangwa hadi darini. Nilipotoa boksi langu alilitazama, akawaita wenzake waje kuona.

"Dada, umekuja kununua kiatu?"

"Ndiyo. Na huu ndio mguu."

Wakacheka wote. Mimi nikakaa kwenye stuli.

Alipoona siondoki akaanza kunieleza kwa adabu. Kompyuta kama yangu, alisema, ni ya kuandikia barua. Haikuumbwa kwa kazi ya video. Alikuwa na nyingine pale, kubwa, nzuri, angenipunguzia. Nikamwambia sitaki kubwa. Akaniuliza kama nimemuuliza fundi yeyote. Nikamwambia nimemuuliza, amekataa, ndiyo maana nimekuja mwenyewe.

Akavuta boksi la plastiki kutoka chini ya meza, limejaa kadi zilizochomolewa kwenye mashine za maofisini. Tukaanza kuzipima moja moja juu ya boksi langu. Nyingi zilizidi. Mwishowe akatoa moja ndogo, yenye feni moja isiyozidi mfuniko wa chupa ya chai, ikalala juu ya boksi ikaenea. Kilichozidi kilikuwa kibati cha chuma cha pembeni, kile kinachofungwa kwa skrubu nyuma ya kompyuta. Kilikuwa cha sanduku pana.

"Kifupi chake kiko wapi?"

"Kilipotea huko ilikotoka. Kadi ndiyo hiyo. Na ikitoka mlangoni ni yako, hairudi."

"Basi ichomeke hapa niione inafanya kazi."

Hakutaka. Alisema watu wote wananunua hivyo hivyo. Nikamjibu kwamba sina haraka. Wateja wakaingia wakatoka, mimi nipo kwenye stuli, mkoba mapajani. Kwa kuwa duka lilikuwa jembamba, kila aliyeingia ilibidi anipishe. Hatimaye akaichomeka kwenye mashine yake ya majaribio, picha ikaja safi, nikamlipa. Aliifunga kwenye gazeti, na kabla sijatoka akaniita, akanipa skrubu mbili ndogo za akiba. "Utazihitaji," akasema. Safari hii hakucheka.

Niliporudi Kibiti nilifungua skrubu za kile kibati, nikakitoa. Kadi yenyewe ikaingia kwenye tundu lake kama lilivyoingia boksi. Lakini bila kibati ilikuwa inacheza. Ukivuta waya kidogo tu, kadi inainama. Nikajua siku moja itachomoka inafanya kazi, na hapo itaungua kweli.

Kuna karakana ya wachomeleaji wa mageti si mbali na duka. Nilikwenda pale, nikawasalimu, nikaomba jiliwa la kubania chuma na msumeno wake. Yule mkubwa wao akataka kunikatia yeye. Nikamshukuru, nikamwambia naomba tu nafasi. Kusema kweli sikuwa na sababu ya kukataa msaada ule. Kibati hakikuwa na siri ya mtu. Ila nilikuwa nimeshachoka kupokonywa vitu mikononi.

Nilikibana kibati kwenye jiliwa, nikakata. Msumeno uliteleza ukanichana kidole cha shahada. Nikakifunga kwa leso, nikaendelea. Mkunjo wa kwanza ulikwenda upande, nikaunyoosha kwa nyundo, nikakunja tena. Nikasugua ncha kwa tupa mpaka ikawa laini, nikakiosha kwa sabuni na kukikausha, kwa sababu nilisoma kwamba chembe ya chuma ikidondoka ndani ya mashine inaweza kuiua. Kilikuwa kibaya kukitazama, kimepinda kidogo, kina alama za nyundo. Lakini nilipokifunga kadi ikasimama wima, haitikisiki.

Nikafunga kifuniko, nikawasha. Feni ikazunguka. Skrini ikabaki nyeusi.

Nikazima, nikawasha tena. Nyeusi. Kaka alikuwa amepita kuniletea chakula cha mchana, akasimama mlangoni na kibakuli mkononi.

"Si nilikwambia?" alisema. Hakulisema kwa kejeli. Alilisema kwa huruma, na hiyo ndiyo iliyoniuma zaidi.

"Weka chakula hapo," nikamwambia. "Nenda."

Alipoondoka nilikaa nikala. Sikuwa na njaa. Nikiwa natafuna nikawa nafuata kwa macho ule waya wa skrini, kutoka kwenye skrini mpaka nyuma ya mashine, na nikaona kwamba bado uko kwenye tundu lake la zamani. Nilikuwa nimeweka kadi halafu nikaiacha bila kuiunganisha na kitu chochote. Nikacheka peke yangu. Kisha nikaacha kucheka, maana waya wa skrini yangu, ule wenye kichwa cha buluu cha pini nyingi, haukuwa na tundu kwenye kadi mpya. Kadi ilitaka waya wa kisasa, ule wa televisheni.

Televisheni ilikuwapo nyumbani, ukutani sebuleni, ya kaka. Nilimkuta wifi anachambua mchele. Nikamweleza.

"Chukua," alisema, bila hata kuinua kichwa.

"Na tamthilia yako?"

"Leo watakaa wazungumze kama watu. Ngoja nikushikie upande huu."

Tuliishusha pamoja, tukaifunga kwenye shuka, tukaipakia kwenye bajaji. Kaka alipiga simu jioni kuuliza kama tumeibiwa. Wifi ndiye aliyemjibu, na mpaka leo sijui alimwambia nini, ila hakunipigia mimi.

Picha ilipokuja kwenye ile televisheni, kubwa, juu ya meza ya kopi, nilifunga mlango wa duka na kushusha pazia la dirisha. Nikairudisha diski mahali pake. Nikabonyeza.

Yule mwanamke wa kwanza alishusha mkono. Mguu ukatua. Akazunguka, kanga ikamfuata, akaingia katikati ya ua na wenzake wakampokea kwa vigelegele, na hakuna kilichokatika. Nilimjua sasa: jirani ya mama mkubwa, mlimaji wa mpunga, ambaye nje ya ua ule hazungumzi ila akiulizwa. Nyuma yake akaja mwingine amevaa kofia ya mumewe na kubeba chandarua begani kama wavu. Alikuwa anamwigiza mume anayerudi kutoka kuvua kamba bila hata mmoja, jinsi anavyotembea kwa maringo akikaribia nyumba, jinsi anavyokohoa mlangoni, jinsi anavyouliza kama kuna chai. Wanawake walikuwa wanaanguka chini kwa kicheko. Hapo nilielewa kwa nini mama mkubwa alisema yale aliyosema. Mume mwenyewe ninamfahamu. Huwa ananisalimu vizuri sana.

Na nikamwona mama mkubwa. Alicheza peke yake, taratibu, wakati wengine wanaimba wimbo wa Kindengereko ambao mimi nausikia nusu tu. Sikuwahi kumwona akicheza. Utoto wangu wote nilimwona anatwanga, anapepeta, anafua, anakaa kwenye mkeka amechoka. Nilirudia kipande kile mara nyingi kuliko kazi ilivyohitaji.

Mambo hayakwenda laini moja kwa moja. Mchana wa siku ya pili, jua likiwa limeshika bati, picha ilianza kutoa mistari ya kijani, kisha mashine ikajizima yenyewe. Nikagusa kifuniko, kilikuwa kinachoma. Fundi alikuwa amesema kweli juu ya joto, na sikuwa na namna ya kubishana naye kwa hilo. Nikavua kifuniko kabisa, nikaelekeza feni ya meza ndani, na nikabadilisha saa za kazi: nilikuja baada ya swala ya alfajiri, nikakata video mpaka bati lianze kulia kwa joto, kisha nikaizima na kufungua duka kwa kopi.

Asubuhi moja fundi alipita, akaona mashine iko wazi na feni inavuma juu yake. Nilizima televisheni haraka. Akasimama kizingitini, hakuingia.

"Imeingia?" aliuliza.

"Imeingia."

Alikitazama kile kibati changu kilichopinda. "Hiyo feni umeiweka upande mbaya," akasema. "Unalisukuma vumbi ndani. Iweke nyuma, ivute." Nikaihamisha. Joto likapungua kweli. Nikamshukuru, na tangu siku hiyo tumerudi kusalimiana kama zamani.

Aliyekuja kwa shari alikuwa mpiga picha wa harusi. Alikuwa amesikia. Aliingia bila hodi na kusema anataka video ya wanawake aiunganishe na yake, iwe kazi moja, yenye jina la studio yake mwanzoni.

"Hii haiunganishwi," nilimwambia. "Ni ya wanawake wenyewe."

"Harusi ile nimelipwa mimi."

"Umelipwa kwa ulichopiga. Huku hukuwapo."

"Sikiliza, mama. Kazi hii ina wenyewe."

"Wenyewe ndio hao waliomo ndani ya picha."

Akaniambia kwamba mji huu ni mdogo, kwamba atahakikisha hakuna anayeniletea kazi hata ya kuchapa kadi ya mwaliko. Alikuwa mteja wangu wa siku zote. Majalada yote ya diski zake yalikuwa yakichapwa kwangu, na hilo alinikumbusha pia. Nilimwambia majalada yake yaliyo tayari yako kwenye rafu, ayachukue anapotoka. Aliyachukua, na kweli hakurudi.

Nilipomaliza nilikwenda Mbuchi mwenyewe na flashi nimeitia kwenye kipochi shingoni. Kwa mama mkubwa wanawake walikuwa wamejaa chumbani, wamekaa mkekani, kitandani, wengine wamesimama, televisheni ndogo ya sola imewekwa juu ya sanduku la nguo. Mlango ulifungwa na mtoto wa kike akawekwa nje awafukuze wanaume. Mama mkwe wa mdogo wangu alikuwa amekuja kutoka Mtunda kumuaga. Alikaa mbele, mgongo wima.

Mwanzoni walitazama kimya. Kisha yule wa kofia na chandarua alipotokea chumba kizima kikapasuka, na mwenyewe, aliyekuwa amekaa pembeni, akajifunika uso kwa kanga huku akichungulia. Wakawa wanaimba pamoja na picha. Wengine walikuwa wanalia na kucheka kwa pamoja. Ndipo mama mkwe mwenyewe akatokea kwenye kioo, akicheza na bibi wa bibi harusi, viuno vimelegea, amesahau umri.

"Zima," alisema.

Nikasimamisha.

"Hii inakwenda Kigoma? Nyumbani kwa mwanangu wa kiume? Anione hivi mimi mama yake?" Akanigeukia. "Nitoe."

Nilikuwa nimejitayarisha kubishana na kila mtu kwa ajili ya kazi ile. Nilikuwa nimebishana na kaka, na fundi, na Kariakoo nzima. Lakini mbele ya mama yule sikuwa na la kubisha. Sura ilikuwa yake. Nikasema, "Nitakutoa, mama. Ukisema nikutoe, nakutoa leo leo."

Mdogo wangu akasogea, akapiga magoti mbele yake. "Mama, mimi kule sina mtu hata mmoja. Nitaifungia, mwanao hataiona, naapa. Lakini na wewe nataka niwe nawe."

Mama mkwe alimtazama. Akatazama tena kwenye kioo, pale aliposimamishwa amenyanyua mikono. Akavuta kanga begani.

"Basi nitoe pale ninapoinama," alisema. "Pale tu. Kwingine niache." Kisha akaongeza: "Hebu rudisha nyuma kidogo nione nilivyoanza."

Nilikata kile kipande cha kuinama, kama alivyotaka, na flashi nikaifunga kwa neno la siri alilochagua mdogo wangu mwenyewe. Akaondoka nayo Kigoma. Hunipigia simu mara kwa mara na kuniambia ni mahali gani amefika kutazama, na kama ameitazama na jirani yake mpya, mwanamke wa Kiha ambaye haelewi neno la wimbo lakini anajua kucheka anapoiona ile kofia.

Mpiga picha alifanya alivyoahidi. Kuna watu wa harusi ambao walikuwa wananijia na sasa hawanijii, na kuna maneno yalipita kwamba naharibu picha za watu. Lakini wanawake nao wana midomo. Walianza kuja kutoka Mbuchi na vijiji vingine vya delta, kisha kutoka Kibiti hapa hapa, Waislamu na Wakristo. Muuguzi mmoja wa hospitali ya Mchukwi aliniletea picha za kichen pati ya binti yake, ile sherehe ya wanawake kabla ya harusi, akauliza swali moja tu, kama kuna mwanaume anayefanya kazi humu dukani. Nikamwambia hakuna. Akakaa.

Hapo ndipo kaka alipokuja na wazo. Alikuwa tayari kuninunulia kompyuta kubwa, mpya, na kumtafuta kijana mjuzi wa kuiendesha, mimi nibaki kupokea wateja. Alikuwa ameshapanga kila kitu, hata jina la duka. Nilimwambia televisheni yake nitamrudishia nikipata skrini yangu, lakini kijana hapana, na jina la duka lipo.

"Kwa hiyo utaendelea na hiki kidude?"

"Nitaendelea nacho."

Skrini nimeshanunua, na televisheni imerudi ukutani kwa wifi. Kadi iko mahali pake, na kibati changu kilichopinda. Feni yake siku za joto huanza kupiga kelele, nami huizima, nikaitia tone la mafuta ya cherehani, nikaiwasha tena. Sasa hivi mashine ina kazi ya harusi ya Ikwiriri, na wenyewe wanaitaka Ijumaa.